Njano Aliyoiona Mama Mkwe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wahenga hao hawakupitia kwa mama mkwe wangu. Kwake Misikhu nilikuwa mgeni kwa miaka ishirini na miwili, na katika muda huo wote sikupewa jembe, wala ufagio, wala hata kijiko cha kukorogea chai ya watu wengine.

Nikiingia tu, anaitisha kile kiti chenye mto. "Kalibu, mgeni wetu. Umetoka mbali." Mbali gani? Ukibeba chai kwenye thamosi kutoka Kitale, unafika Misikhu na bado inaunguza mdomo. Nikinyanyuka nisaidie vyombo, ananirudisha kitini kwa mkono. "Wewe kaa. Utachafua nguo." Nimekikalia kiti hicho hadi najua kila msumari wake na tabia zake.

Ungedhani ni heshima. Wake wa shemeji zangu wawili, ambao waliolewa kwenye boma hilo hilo, walidhani hivyo na walinionea wivu waziwazi. Wao walifokewa tangu jogoo la kwanza. Ugali ukiwa mlaini, wanafokewa. Kuku akiingia sebuleni, wanafokewa wao, kuku haulizwi. Mimi niliyasikiliza makaripio hayo kutoka kwenye mto wangu, na roho iliniuma. Wale walikuwa watoto wa nyumba. Mimi nilikuwa mtu wa kuletewa soda.

Sababu yake aliwahi kunieleza mwenyewe, kwa upole kabisa, mwaka ambao nilimuuliza mbona hanigombezi kama wenzangu. "Hao wamevishwa pete kanisani, hawaendi mahali," alisema. "Lakini mtu hajavishwa pete, ukimgombeza leo, kesho anabeba mfuko yake anaenda kwao. Sasa mimi nitaambia kijana yangu nini?"

Na kweli hatukuwa tumefunga harusi. Mimi nilizaliwa Kwanza, mji mdogo karibu na Kitale, kwa wazazi waliotoka upande wa Mlima Kenya wakaja kulima mahindi huko. Mume wangu ni Mbukusu wa Misikhu, fundi wa matrekta. Tulikutana Kitale, tukaanza kwa njoo-tukae, tukakaa. Wazee wa pande zote mbili walikutana wakala wakashiba, watoto watatu wakazaliwa, na kila mwaka harusi ya kanisani ilisukumwa mbele na jambo lililokuwa na haraka zaidi: mara mbolea, mara paa, mara mtoto kuingia sekondari. Hatukuwa na ubaya na kanisa. Tulikuwa na shughuli tu.

Mambo yalibadilika mume wangu alipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Mchungaji alimwita kando akamwambia hawezi kusimama kwenye meza ya Bwana hali nyumbani kwake kuna mke ambaye madhabahu haimjui. Mume wangu ni mtu asiyepinga mtu. Alirudi nyumbani akaniambia tunaoana mwezi ujao, kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia gesi imeisha.

Habari ilifika Misikhu kabla yetu. Tulipokwenda, mama mkwe alinishika mkono wa kushoto akakisugua kile kidole kitupu jinsi mkulima anavyopima kama hindi limekauka. "Siku nitaona zahabu hapa," alisema, "siku hiyo tutajuana. Na iwe zahabu kweli. Njano. Si hizi vitu za siku hizi."

Tutajuana! Mwingine angesikia kitisho. Mimi niliisikia kama ahadi, na njia nzima ya kurudi Kitale nilikuwa nikitabasamu peke yangu dirishani.

Tulianzia Bungoma mjini, ambako sonara alikuwa na dhahabu ya aina moja tu, ya njano. Mume wangu akasema basi, tuchukue. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema pete ya kuvaa hadi kaburini hainunuliwi duka la kwanza kama vitunguu. Huo ulikuwa mdomo wangu, na mdomo wangu umeniponza mara nyingi.

Duka la pili lilikuwa Kitale. Lilikuwa na msichana mwenye kope ndefu za kubandika na maneno mengi. Alitandika kitambaa cheusi juu ya kioo, akapanga pete tatu.

"Sasa mathe, cheki. Hii ni ya manjano, hii nyeupe, hii ni ya waridi. Zote ni dhahabu, karati moja. Si unajua dhahabu ikiwa peke yake ni laini? Inachanganywa. Ile kitu imechanganywa nayo ndio inaleta rangi. Hii ya waridi wameweka shaba mingi. Hii nyeupe wameweka madini ingine nyeupe, halafu wakaipaka juu ing'ae."

Hapa inafaa nieleze jambo kuhusu mimi na rangi ya manjano. Kazi yangu ni kutoa watu damu kwenye maabara. Zaidi ya miaka ishirini nimekaa nyuma ya dirisha dogo nikipokea macho ya manjano, ngozi ya manjano, na chupa za vitu vya manjano ambazo sitazieleza hapa. Wengine wakiona manjano wanaona utajiri. Mimi naona ini. Ile pete ya kwanza nilipoivaa, niliutazama mkono wangu nikatamani kuuandikia vipimo.

Ya waridi ilimpendeza mume wangu, kwa sababu msichana alisema hiyo ndiyo ya mapenzi. Nikaipiga picha ikiwa kidoleni nikamtumia mama yangu Kwanza. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, na msichana na askari wa mlangoni wote walisikia. "Hiyo ya shaba ni ya magoti? Mbona umevaa kwa kidole? Mimi yangu niliambiwa nivae kwa mkono." Huku kwetu mzee akisumbuliwa na baridi yabisi huvaa bangili ya shaba, na mama yangu ana mbili. Mume wangu aliirudisha pete ya waridi kwenye kitambaa taratibu, akafuta vidole kwenye suruali.

Ikabaki nyeupe. Ilikuwa safi kama sindano mpya ikitoka kwenye karatasi yake. Haikujivuna, haikupiga kelele, ilikaa tu kidoleni ikaonekana imekuwapo siku zote. Nasema wazi, na umri wangu huu, niliipenda mpaka nikaona haya.

"Lakini mama alisema njano," mume wangu akakumbusha.

"Najua mama alisema nini."

"Nasema tu."

"Usiseme tu."

Msichana aliona hatari akaingilia kati. "Msigombane, mathe. Kuna njia ya kujua rangi yako. Unaangalia mishipa ya damu hapa kwa mkono. Zikiwa kijani, wewe ni wa manjano. Zikiwa bluu, wewe ni wa nyeupe."

Hakujua anazungumza na nani. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikakifunga juu ya kiwiko nikakikaza kwa meno, nikakunja ngumi, nikapigapiga. Mshipa ukaja mara moja. Mshipa wangu ni mzuri, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hawezi kuukosa. Lakini rangi sasa? Mshipa wa mtu mweusi hautafutwi kwa macho, unatafutwa kwa kidole. Nimewafundisha wanafunzi wengi hivyo. Msichana aliinama, akawasha tochi ya simu, kope zikanigusa mkono.

"Naona kama ni brauni," alisema.

"Hiyo ni ngozi," nikamwambia.

Tukamfunga mume wangu. Mtu huyu huinua gurudumu la trekta peke yake, lakini alipoona kitambaa kinakazwa alianza kutoka jasho akaomba kiti. Labda mwanga ni mdogo, msichana akasema, tutoke kwenye jua. Tukatoka. Mama aliyekuwa akiuza ndizi mbele ya duka akaja na mkono wake, halafu askari wa mlangoni, halafu wanawake wawili waliodhani ni watu wa kupima presha bure. Niliwagusa wote. Wote walikuwa na mishipa mizuri sana, na hakuna aliyekuwa na wa kijani wala wa bluu. Yule askari nilimshauri aende apimwe damu, kwa sababu viganja vyake vilikuwa vimepauka. Pete hatukununua siku hiyo.

Nyumbani nilikasirika, na nikikasirika mimi hupanga kabati. Nilipanga kabati lote. Nikinunua ya njano, nitavaa ini kidoleni maisha yangu yote. Nikinunua nyeupe, nitakalia mto maisha yangu yote. Nilimweleza mume wangu hivyo hivyo, na sufuria mkononi.

"Chukua ile unataka," akasema.

"Na mama yako?"

"Mpe ile anataka."

"Kidole ni kimoja!"

Akafikiri. "Basi," akasema, akaenda kuangalia redieta ya mtu.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Misikhu na picha za pete zote tatu kwenye simu. Niliamua nitamwonyesha mama mkwe, nimwombe ile nyeupe kwa adabu, nimweleze ni dhahabu sawa na nyingine. Nilikuwa nimejifunza hotuba nzima. Nilikuta makaripio yameshika moto.

Safari hii ilikuwa vitambaa vya viti. Mama mkwe ana seti kamili ya vitambaa vya kufuma, vya kufunika mgongo wa kila kiti na mikono yake, alivyovifuma mwenyewe ujanani, na hakuna kitu anachokipenda zaidi hapa duniani, nikiwamo mimi na mwanawe. "Miaka miwili sasa!" alikuwa akisema. "Vitambaa yangu ilikuwa nyeupe kama maziwa. Sasa angalia! Njano! Mnaosha na nini, na maji ya mtalo?"

Mke wa shemeji mkubwa alisimama mbele yake na kichwa chini. Aliponiona, alinyanyua kitambaa kimoja kwa vidole viwili ili nishuhudie. Kilikuwa cheupe. Kilikuwa cheupe kuliko koti langu la kazini. "Hii nimeloweka mara tatu," alininong'oneza. "Angalia mikono yangu, imebambuka."

Sikuelewa. Nilikaa kwenye mto wangu, nikapewa chai, nikatoa simu.

"Reta nione," mama mkwe akasema. Aliisogeza simu karibu na pua, kisha akaipeleka mbali, kisha akageuka nayo mlangoni. Picha ya pete ya njano aliikunjia uso. "Hii imeungua? Hii ni kahawia." Ya waridi aliiita ya magoti bila hata kuulizwa. Alipofika kwenye nyeupe, akatulia. Uso wake wote ukafunguka.

"Hapo! Hii ndio zahabu. Njano safi. Nani alichagua?"

"Ni mimi, Mama."

"Kumbe una macho!"

Niliyatazama yake. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliyatazama kama mtu wa hospitali, si kama mkaza mwana anayetafuta huruma. Katikati ya mboni, mahali panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa na ukungu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, na amekomaa. Mtu wa namna hiyo huiona dunia kana kwamba anachungulia kupitia glasi ya chai ya rangi: cheupe kinakuwa njano, na njano inakuwa matope. Vitambaa havikuwa na kosa. Waliovifua hawakuwa na kosa. Na mimi, ambaye kazi yangu kila siku ni kuwaambia watu nendeni mkapimwe, nilipaswa kusema pale pale.

Sikusema. Mungu anisamehe, niliifikiria pete kwanza. Niliona njia iliyonyooka: nivae nyeupe yangu, yeye aone njano yake, na siku ya harusi tujuane. Nikajiambia ni wiki tatu tu, mtoto wa jicho hakimbii. Nilimeza hotuba yangu yote na chai ya moto, na kesho yake tukanunua pete nyeupe, mbili.

Harusi ilikuwa ya watu wachache na wali mwingi. Watoto wetu watatu walisimama nyuma yetu wakiwa warefu kutuzidi, na mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, kitinda mimba alicheka. Pete iliingia kidoleni kwa taabu, kwa sababu ya joto, na mume wangu akaisukuma kama anayekaza nati. Nilifurahi. Sikutegemea kufurahi vile, nilidhani ni kutimiza tu utaratibu, lakini aliponiambia maneno yale mbele ya watu, mtu niliyemfulia soksi miaka ishirini na miwili, nilijibu kabla mchungaji hajaniuliza.

Kisha mama mkwe akainuka kutoka benchi la mbele. Alinishika mkono akanitembeza katikati ya kanisa, benchi hadi benchi. "Angalieni langi! Njano kama ya mfalme! Huyu mtoto ana macho!"

Watu wa Misikhu waliitazama pete nyeupe, wakamtazama mama, wakanitazama mimi. Hakuna aliyemrekebisha. Mkubwa hakosolewi mbele ya watu, na chakula kilikuwa hakijagawiwa. "Njano kabisa, Mama," walisema, mmoja baada ya mwingine, wengine wakiwa wamekaza midomo. Mchungaji alikohoa akasema dhahabu ni dhahabu. Wifi yangu, ambaye hufanya biashara Lwakhakha na amezoea kuona mali ya kila namna ikivuka mpaka, aliniinamia sikioni. "Wifi, hii kitu umefanya, siku ikijulikana, mimi sikuwepo."

Wiki iliyofuata tulikwenda Misikhu, nami nimevaa viatu vya shambani na leso kiunoni, tayari kufokewa. Kiti chenye mto kilikuwa kimeshapangwa.

"Kaa," mama mkwe akasema. "Bibi arusi hafanyi kazi."

Nikakaa. Akakaa kando yangu, akawa anaipapasa pete kwa kidole gumba, akirudia njano, njano. Uani nilisikia maji yakimwagwa. Walikuwa wanaloweka vitambaa mara ya nne. Baadaye alitoka kwenda kuangalia kuku, akajikwaa kwenye kizingiti ambacho amekivuka tangu aolewe, akajishika ukutani akacheka, akasema nyumba imesogea. Mimi sikuweza kucheka. Mama mzima anaanguka kwenye nyumba yake, wanawake wawili wanachubuka mikono kwa kuosha vitu safi, na yote hayo ili mimi nivae rangi niipendayo. Nilijisikia mchafu kuliko vitambaa vile.

Njiani nilimwambia mume wangu mama anakwenda kliniki ya macho, wiki hii, na nikamweleza kila kitu.

"Akiona, ataona na pete," akasema.

"Najua."

"Atasema tulimdanganya."

"Nilimdanganya mimi. Wewe ulisema basi."

Nilijua pia atakachofanya. Hatanifokea. Huyu ni mama mwenye adabu zake. Atanyamaza, ataitisha kiti, ataniambia kaa mgeni wetu, na safari hii atakuwa na haki. Nilikuwa nimepata pete na nimejifungia mlango kwa nje.

Jicho la kwanza lilitibiwa Kitale. Usiku huo alilala kwetu, na asubuhi tukarudi kliniki kufunguliwa bandeji. Mkono wangu wa kushoto niliutia kwenye mfuko wa sweta kabla muuguzi hajashika mkasi. Mama mkwe alipepesa, akatazama dirisha, akatazama ukuta, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Kumbe umezeeka," akasema kwa huruma. "Pole sana, mgeni wetu."

Muuguzi alilazimika kugeukia kabati. Mimi nilishukuru, nikaacha mkono palepale mfukoni. Nilimfungulia mlango wa gari kwa mkono mmoja, nikamfunga mkanda kwa mkono mmoja. Aliniuliza kama mkono umeumia, nikamwambia ni baridi. Jua lilikuwa linawaka. Mume wangu aliendesha, na njia nzima mama alikuwa akisoma mabango kwa sauti, na kila jani la hindi lilimshangaza.

Misikhu, mume wangu alibaki uani na trekta la jirani, na wakaza mwana wenzangu walikuwa wamesimama mlangoni kumpokea mama. Aliwapita akaingia moja kwa moja hadi sebuleni. Akachukua kitambaa kimoja, akakigeuza, akakirudisha. Akachukua kingine. "Kumbe mlikuwa mnaosha," alisema hatimaye, na kutoka kwake hilo lilikuwa ombi la msamaha lenye sahihi na muhuri. Mke wa shemeji mkubwa alifuta machozi kwa mikono yake iliyobambuka. Kisha mama akaitisha chai na kile kiti.

Nilikaa. Chai ilikuja, na kwa kuwa nilikuwa mgeni aliyempeleka kutibiwa, alitaka kunipa kikombe kwa mkono wake mwenyewe. Alikishika kwa mikono miwili, akainama, akanipa. Kitu kutoka kwa mkubwa hakipokewi kwa mkono mmoja. Hata mtoto wa miaka mitatu kwetu anajua hilo, awe wa Kwanza au wa Misikhu. Nilimtazama, nikakitazama kikombe, kilikuwa kimejaa hadi ukingoni na kinatoa moshi.

Nikatoa mkono.

Aliiona mara moja. Hakuachia kikombe. Tulikuwa tumekishika wote wawili, vidole vikiungua.

"Hiyo ni nini?"

"Ni pete, Mama."

"Ile ya kanisa?"

"Ndiyo ile."

"Ilikuwa njano."

"Ilikuwa nyeupe tangu dukani, Mama. Ni macho ndiyo yalikuwa yanaiona njano."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua," nikasema. Sikuwa na uongo mwingine tena.

Aliachia kikombe. Nilisubiri ile sauti ya upole. Nilikuwa tayari nimeanza kutafuta mkoba wangu kwa mguu, chini ya kiti, nijue uko wapi.

"Inuka!" akasema. "Inuka kwa hiyo kiti! Wewe ni mwanamke wa aina gani? Unaniacha natembea kwa kanisa mzima nasema njano, njano, watu wananicheka kwa loho! Pete kama ya mfuniko ya sufulia! Na unafanya kazi ya hospitali! Unaona mama hana macho, unanyamaza juu ya langi!"

Niliinuka. Chai ilinimwagikia mkononi, sikuihisi.

"Na si ya leo! Nilikuja kwako Kitale ukanipea ile chakula yenu, umeponda viazi na mahindi na maboga yote pamoja kama ya mtu hana meno. Nilisema kitu? Nilikula nikasema asante! Unacheka mpaka jirani anajua umefika, nilinyamaza! Kijana yangu anakuja hapa shati haina kifungo, nilinyamaza! Ile siku ya mazishi ya mzee ulivaa viatu ya kisigino kwa shamba ya watu, ukazama, wakakuvuta watu wawili! Nilisema? Miaka ishirini na mbili nimeweka hii maneno hapa," akajipiga kifua, "imenijaa mpaka sipumui!"

Wakaza mwana wenzangu walikuwa wamejibanza mlangoni, midomo wazi. Machozi yalikuwa yananitiririka hadi shingoni na sikuwa na mkono wa kuyafuta, kwa sababu ya kikombe. Mama mkwe alivuta pumzi, akakunja mikono ya blauzi, akaendelea na mwaka mwingine.

Ndipo mume wangu akaingia mbio kutoka uani, mafuta ya trekta mikononi. Akamwona mamake, akaniona mimi. Na mtu huyu, ambaye hajawahi kumpinga mtu yeyote maishani, akasimama katikati yetu akanyoosha mikono.

"Mama, inatosha! Si unaona analia?"

"Wewe toka nje," nikamwambia. "Bado hajamaliza."